Ushauri: nasuka nywele Houston, nimejiajiri. Uzeeni nitapata Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee?

MsusiWaHouston
Habari zenu wana jamvi. Nina miaka 54. Nilifanya kazi nyumba ya wazee miaka mitatu, na tangu 2017 nasuka nywele mwenyewe. Aliyekuwa ananijazia kodi alirundika matumizi mpaka faida ikabaki kiduchu, nami nikafurahi kwa kuwa sikudaiwa. 2022 na 2023 sikujaza kabisa. Juzi mteja wangu wa miaka 66 kaniambia Medicare Part A, ile ya kulazwa hospitali, yeye analipia kila mwezi wakati wenzake hawalipi. Tangu siku hiyo usingizi umepaa. Nifanyeje?

DerevaWaMizigo
Pole dada. Nina lori langu, nimepita humo humo. Hawaangalii umeishi Marekani miaka mingapi, wanahesabu krediti, yaani alama unazopata kwa mapato uliyoyalipia kodi. Ili Part A iwe bure zinatakiwa 40, na kwa mwaka hupati zaidi ya nne. Mwaka 2025 krediti moja ilikuwa dola 1,810, kwa hiyo 7,240 zilikupa zote nne. Ila ni mapato yanayobaki baada ya kutoa matumizi! Kila gharama ya uongo ilikula krediti zako. Aliyeajiriwa, nusu ya kodi ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare analipiwa na mwajiri. Sisi tunabeba yote, asilimia 15.3. Inauma, lakini humo ndimo imo pensheni yako.

Mhasibu_Mstaafu
Mdogo wangu, ingia ssa.gov, tovuti ya Social Security, leo, fungua akaunti, uone umeandikiwa nini mwaka kwa mwaka. Halafu wahi: mapato ya mtu aliyejiajiri hupokelewa ndani ya miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 baada ya mwaka husika kuisha. Ya 2022 mwisho ni Aprili 15, 2026. Ikipita hapo kodi utadaiwa, krediti hupewi. Una mume? Akiwa na 40 zake na amefika 62, ukitimiza 65 unaweza kuipata Part A bure kupitia kwake.

MsusiWaHouston
Shikamoo, na asante sana. Mume sina. Nimefungua, nimekuta 19: 12 za nyumba ya wazee, saba tu za kusuka. Miaka yote hiyo, mgongo huu, saba!

Mhasibu_Mstaafu
Marahaba. Usilie. Daftari la wateja unalo? Ukijaza 2022 na 2023 kwa faida ya kweli unaongeza nane, zinakuwa 27. Zinabaki 13, miaka mitatu na kidogo. Tafuta mtu mwingine wa kukujazia, na aanze na 2022.