Naombeni ushauri: apu yakwama ikipeleka faili kubwa kutoka simu hadi kompyuta (Amu)

Kijana_Langoni
Assalam aleikum wanabaraza. Niko Amu (Lamu), mtaa wa Langoni. Nimeandika programu ya kazi ya familia yenye pande mbili: apu ya simu za Android na programu ya kompyuta ya Windows. Simu yapeleka faili, kompyuta yapokea, kisha mteja hutumiwa ujumbe kuwa kazi yake iko tayari. Faili ndogo zapita bila shida. Kubwa zinakwama: asilimia inakuwa hasi, halafu apu inajifunga. Tena wateja wengine hupata ujumbe uleule mara mbili, mara tatu. Usiku wa tatu huu sijalala, na Jumamosi kuna kazi nyingine. Mwenye ujuzi anishike mkono.

FundiWaya_Mokowe
Wa aleikum salaam. "Kubwa" ni kiasi gani? Na unaisoma vipi, yote kwa mkupuo au kidogo kidogo?
Ujumbe kujirudia sababu yake naijua. Simu imetuma, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, simu ikadhani haukufika, ikatuma tena. Kila ujumbe uupe kitambulisho chake mle simuni, kabla haujatoka. Seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayopokea, ikikiona mara ya pili ijibu "nimeshapokea" na isifanye lingine.

Mtepe77
Haya ni mambo ya kale, kijana. FTP, ile njia ya kupelekeana faili mtandaoni, ilianza kuandikiwa kanuni 1971, na kwenye kanuni za 1985 mna amri iitwayo REST, ya kuendelea pale ulipokatikiwa. Wakati nina saiba hapa Malindi, mteja mmoja alikaa tangu adhuhuri akishusha faili moja. Imebaki kidogo, umeme ukaenda. Mtu mzima na ndevu zake, machozi yalimtoka. Pesa zake nilimrudishia zote, nikamnunulia na soda. Tangu siku ile nikaapa sitaweka kwenye mashine zangu programu isiyojua kuendelea ilipoachia.

Ustadh_Shela
Mwanangu, kichwa kisicholala usiku wa tatu hakioni kosa hata likiwa mbele yake. Lala, uswali alfajiri, ndipo ufungue hiyo kompyuta.

Kijana_Langoni
Ahsanteni. Zinazopita ni za megabaiti 100, 150 hivi. Zinazokwama ni za gigabaiti 2 na zaidi. Naisoma faili yote kwenye safu moja ya baiti, kisha naipeleka. Ni video za kazi.

BiMkubwa_Mkomani
Video za kazi gani, mwanangu?

Kijana_Langoni
Sherehe tu, mama. Hilo halihusiani na kukwama.

BiMkubwa_Mkomani
Sherehe gani?

Kijana_Langoni
Harusi. Dada yangu ana studio. Yeye na wasichana wawili ndio wapigao, mimi naandika programu tu, sitazami chochote.

BiMkubwa_Mkomani
Wapigao wakiwa wanawake peke yao, hiyo ni kupamba, usiku wa wanawake kumtazama bibi harusi.
Nyinyi vijana mwaijua kwa kusikia, basi nikuelezeni. Usiku wa kupamba kwa mwanangu wa kike tuliweka mabinti wawili mlangoni na kikapu. Simu zote kikapuni. Mke wa binamu yangu alikataa, nikamrudisha kwao, na mpaka sasa hatusemezani vizuri. Ndani mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, wake za watu wanacheza vugo, ngoma ya wanawake, wamesahau dunia. Wamesahau kwa sababu tumewaambia humu mna amani. Sasa nieleze: hizo video zapita wapi kabla hazijafika kwa dada yako?

Kijana_Langoni
Zapanda kwenye seva niliyokodi Ulaya, kompyuta ya studio inazishusha. Ikishamalizwa kuhaririwa inapandishwa tena, na mteja anatumiwa kiungo.
Najua mtauliza nywila. Niliweka mwanzo. Akina mama wakawa wanaisahau, simu yangu ikawa inalia mpaka saa sita za usiku. Nikaiondoa. Kufunga faili kwa ufunguo pia niliacha, simu za wale wasichana ni za bei ndogo, zilikuwa zapata moto. Familia 9 zimeshapokea viungo vyao na hakuna aliyelalamika. Naomba turudi kwenye kukwama.

FundiWaya_Mokowe
Haturudi bado. Kiungo kinaishia na nini?

Kijana_Langoni
Namba ya kazi.

FundiWaya_Mokowe
Ya mfululizo?

Kijana_Langoni
Ndiyo.

FundiWaya_Mokowe
Yangu ikiwa 214, nikiandika 215?

Kijana_Langoni
Itafunguka. Lakini ni nani atakayekaa kujaribu namba? Anwani yenyewe wanaijua wateja tu.

FundiWaya_Mokowe
Mteja ndiye wa kwanza kujaribu, tena bila nia mbaya, kidole kikiteleza. Na ziko programu zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikigonga kila seva kuona mlango upi uko wazi. Hazihitaji kuijua Langoni.
Kiungo kiwe na herufi za kubahatisha za biti 128, hapo hata mashine haikisii. Kiwe na mwisho wake, siku saba kisha kinakufa. Na faili ifungwe kwa ufunguo, seva ishike kitu isichoweza kukisoma. Ufunguo mpe bibi harusi kwa mkono, kwenye karatasi.
Na isome Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ya watu ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na pana hatari ya kweli ya kuwadhuru, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Data.

Kaskazi_Kali
Samahanini, mimi siamini hata neno moja. Someni tena. Juu anasema video kubwa hazipiti. Chini anasema familia 9 zimeshapokea. Zilipita wapi, kwa punda? Hii hadithi imetungwa. Kuna mtu ana kiungo cha watu mkononi na amekuja hapa tumfunze namna ya kufungua cha jirani. Na nyinyi mmemfunza!

Mtepe77
Sasa umenitia wasiwasi na mimi. Tuliwahi kuwa na mtu saiba aliyejifanya mwanafunzi...

Ustadh_Shela
Dhana nyingine ni dhambi, ndugu Kaskazi. Muulizeni kwanza.

Kijana_Langoni
Wallahi mmenikosea. Familia 9 zilipata kwa sababu dada alizikata video kwa mkono, vipande vya megabaiti 150, usiku kucha, akaniambia hawezi tena. Ndiyo maana niko hapa. Picha ya skrini siweki, ina majina ya watu. Chukueni mstari huu wa kumbukumbu za apu, faili ya juzi: ukubwa -1881399092.

FundiWaya_Mokowe
Kaskazi, chukua kikokotoo. Biti 32 zina hali 4294967296. Toa 1881399092. Yabaki 2413568204, yaani gigabaiti 2.4, kama alivyosema. Mtungaji wa hadithi angeandika namba iliyonyooka.
Kijana, ukubwa wa faili umeuweka kwenye namba ya biti 32, ambayo mwisho wake ni 2147483647. Ukipita hapo inapinduka kuwa hasi, kisha unaomba safu ya baiti yenye urefu hasi na apu inakufa. Weka namba ya biti 64. Lakini hilo pekee halikuponyi, kwa kuwa Android haiipi apu moja kumbukumbu yote ya simu ya kufanyia kazi (RAM), hata gigabaiti 1 isingeingia. Fanya alivyofanya dada yako kwa mkono: soma megabaiti 4 kutoka diski, peleka, ngoja jibu, endelea. Kila kipande kitaje kinaanzia baiti ya ngapi. Mtandao ukirudi simu iulize "umefikia wapi?" na kuanzia hapo. Mwisho linganisha SHA-256, yaani alama ya kidole ya faili, ya pande zote mbili, ndipo ufute ya simuni.
Kingine. Wapigaji na kompyuta huishia chumba kimoja, si ndiyo? Basi Ulaya mwaifuata nini? Kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde, hiyo gigabaiti 2.4 yachukua zaidi ya saa nzima. Kwa waifai ya mle studio, ukipata megabiti 100, ni dakika tatu na kitu, bila bando, na haitoki nje ya kuta. Kompyuta ifungue mlango kwenye mtandao wa ndani, simu iitafute humo humo. Seva uiachie ujumbe wa "kazi tayari" tu. Huo ni mdogo, FCM yenyewe, ile huduma ya Google ya kupeleka ujumbe kwenye apu, haibebi zaidi ya baiti 4096.

Kaskazi_Kali
Hesabu nimeifanya, inatoka. Kwa kukwama nakuomba radhi. Kwa milango wazi sikuombi.

Kijana_Langoni
Nimekusamehe. Ya ndani kwa ndani sikuifikiria kabisa. Nilianza na seva kwa kuwa masomo yote niliyofuata yalianza na seva. Nafikiri kazi ya Jumamosi ipite kwa mtindo wa zamani, kisha wiki ijayo nibadilishe.

BiMkubwa_Mkomani
Jumamosi isipite hivyo. Bibi harusi wa Jumamosi hajui unachokijua wewe sasa. Seva iko wazi wakati huu tunaozungumza?

Kijana_Langoni
Iko.

BiMkubwa_Mkomani
Izime.

Kijana_Langoni
Wale 9 hawatafungua video zao, mama. Wengine bado hawajashusha.

BiMkubwa_Mkomani
Mmoja wa hao tisa ni mimi. Kiungo chetu ni 208. Nilikipokea kwa furaha, nikampelekea dada yangu Faza, naye sijui kampelekea nani. Izime sasa hivi.

Kijana_Langoni
Nimeizima. Nisamehe, mama. Nimemwamsha dada, nimemweleza yote. Kesho asubuhi atapita nyumba zote tisa na flashi, aseme yaliyotokea kwa mdomo wake. Kumbukumbu za seva nimezihifadhi, nazipitia sasa nione kama kuna aliyegonga namba isiyo yake.

FundiWaya_Mokowe
Nitumie maswali ukikwama, niko macho. Tazama anwani moja iliyofungua namba zaidi ya moja. Na flashi ikiwa imeandaliwa kwa mpangilio wa FAT32 haibebi faili moja ya gigabaiti 4, iandae upya kwa exFAT kabla dada hajatoka.

BiMkubwa_Mkomani
Aanze kwetu, kabla ya saa tatu. Mimi nitampigia Faza usiku huu.