Mjadala: Je, ni haki kumpandisha hide jukwaani ilhali alishafariki?

Nyuzi Sita (mleta mada)

Wakuu, kwanza niwaweke sawa wale wasioifuatilia X Japan, bendi ya roki ya Japani. Bendi ilianza 1982 mkoani Chiba, Yoshiki kwenye ngoma na piano, Toshi akiimba, marafiki tangu utotoni. hide, ambaye jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, aliingia 1987 kama mpiga gitaa. Alikuwa amesomea kazi ya saluni na kupata leseni, na ilionekana: nywele zilizosimamishwa, rangi ya waridi, vipodozi. Maneno "Visual Shock" kwenye kaulimbiu ya bendi ndiyo yaliyozaa jina la visual kei, mtindo wa wanamuziki wa Kijapani wa kujipamba hivyo.

Bendi ilivunjika 1997, tamasha la kuagana likafanyika Tokyo Dome tarehe 31 Desemba. hide akafariki 2 Mei 1998. Bendi ilirudi 2007, na Januari 2008 wimbo I.V. ukatoka ukiwa na gitaa lake kutoka rekodi za zamani ambazo hazikuwa zimetumika. Machi 2008, hapohapo Tokyo Dome, picha yake ya tamasha la 1993 ikapiga wimbo wa Art of Life pamoja na wenzake walio hai. Desemba 2014 ukatoka wimbo wa Ko Gyaru, nje ya X Japan, kwa jina lake mwenyewe, sauti ikiwa imeundwa kwa Vocaloid, teknolojia ya Yamaha ya kuimbisha kompyuta.

Hoja yangu ni kwamba mambo haya matatu hayako daraja moja. Gitaa la I.V. alilipiga kwa mikono yake. Art of Life aliipiga pia, ila siku nyingine. Ko Gyaru ile tunayoisikia hakuiimba. Mimi nauweka mpaka kati ya la pili na la tatu. Anayeona vinginevyo aje na sababu.

Fundi Mitambo

Mkuu, hata hilo la pili si jepesi kama ulivyoliweka. Tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika.

Picha ya tamasha la 1993 ni video ya mkanda, fremu 30 kwa sekunde. Ili mtu mmoja aonekane amesimama peke yake, lazima umkate kutoka kwenye mandhari yake fremu kwa fremu, maana nyuma yake kuna taa, moshi na wenzake wanaopita. Dakika 1 ni fremu 1,800. Dakika 5 ni 9,000. Tena kila fremu ya mkanda wa zama zile imeundwa na nusu mbili zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti kidogo, kwa hiyo mkono unaopiga gitaa kwa kasi hutoka na kingo zenye meno kama kitana. Usipozisafisha, mtu wako atatetemeka ukimkuza.

Ukishamkata, unamrusha. Njia iliyozoeleka ni ya kuakisi: karatasi ya plastiki angavu hutandazwa kwa pembe ya nyuzi 45, projekta hupiga picha kwenye kiwambo kilichofichwa sakafuni au juu, na plastiki huakisi kuelekea watazamaji. Sehemu nyeusi za picha hazionekani, ndiyo maana mtu huonekana anaelea. Kitaalamu hiyo si hologramu, ingawa kila mtu huiita hivyo.

Kinachoharibika ni haya. Taa za jukwaani zikigusa plastiki, picha inafifia na mkunjo unaonekana. Besi ikiwa kubwa plastiki inatikisika, na mtu anatikisika nayo. Aliyekaa pembeni kabisa anaona picha bapa. Ndiyo maana onyesho la hide la Septemba 2015 lilifanyika Yokohama katika DMM VR Theater, ukumbi ulioandaliwa kwa ajili ya picha za aina hii, si uwanja wa besiboli kama Tokyo Dome.

Sasa niulize: ukishamkata mtu kutoka kwa wenzake wa 1993 na kumbandika katikati ya watu wa 2008, bado ni lile pigo lake "la siku nyingine"? Mimi nasema umeshatengeneza kitu kipya.

Mgongo wa Ngoma

Fundi amegusa picha, mimi niguse mwendo, kwa sababu hapo ndipo wanamuziki wanapoumia.

Gitaa lililorekodiwa halimsubiri mtu. Likianza, kila aliye jukwaani lazima acheze ndani ya mwendo wake. Mpiga ngoma huvaa spika za masikioni zenye mlio wa kuhesabia, na mlio huo hufuata rekodi. Kama rekodi ya zamani haikupigwa kwa mlio wa kuhesabia, na ya jukwaani mara nyingi haikupigwa hivyo, mwendo wake unapanda na kushuka. Fundi analazimika kuchora ramani ya mapigo, kipimo kwa kipimo. Akikosea kipimo kimoja kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ngoma na gitaa vinasikika vinagongana.

Art of Life ina dakika 29 kwenye albamu, na katikati yake kuna piano ya Yoshiki inayovurugika kwa makusudi, isiyo na mwendo wa kuhesabika. Pale huwezi kufunga rekodi yoyote. Unampa mpiga piano uhuru wake, kisha unasubiri ishara ili uanzishe upya mitambo. Mtu wa mitambo akichelewa, mwenye picha anachelewa. Kwa hiyo bendi nzima inamtumikia asiyeweza kuwasikia. Mpiga gitaa aliye hai hugeuka, huona mwenzake amechoka, hupunguza. Yule hapunguzi. Usiku wa kwanza, 28 Machi 2008, tamasha lilichelewa zaidi ya saa 2 kwa matatizo ya kiufundi, na Yoshiki akaanguka wimbo wa 8 kabla halijaisha. Sisemi picha ndiyo iliyomwangusha. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye mwili uliochoka kiasi kile anahitaji wenzake wanaoweza kumfuata.

Pembeni kidogo: wapiga gitaa wageni walikuwepo matamasha yale, Sugizo, Wes Borland na Richard Fortus. Sugizo akawa mwanachama rasmi 2009. Hilo ndilo jibu sahihi la pengo, na nadhani bendi yenyewe ililijua.

Kibao cha 1988

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba X Japan ndiyo iliyoanza. Spread Beaver, bendi yake mwenyewe hide, ilizunguka Japani mwishoni mwa 1998, miezi michache baada ya msiba, wakipiga moja kwa moja huku sauti na picha yake vikitoka kwenye rekodi. Albamu ya Ja, Zoo ilimaliziwa na I.N.A., mshirika wake wa studio, ikatoka Novemba mwaka uleule. Ndani yake wimbo Hurry Go Round una sauti ya majaribio, ile ya kuweka alama tu kabla ya kuimba rasmi. Angalikuwa hai angeiimba upya. Je, tuufute? Ni wimbo mzuri kuliko nyingi alizozimaliza.

Tena Ko Gyaru haikuokotwa jalalani. Ni utunzi wake, aliokusudia kuuweka kwenye albamu hiyohiyo, na I.N.A. ndiye aliyeukamilisha. Kama kuna mtu aliyejua hide anataka sauti gani, ni huyo aliyekaa naye studio.

Fundi Sauti

Kibao, hapo kwenye sauti ya majaribio na sauti ya kuundwa nakupinga kwa heshima.

Kwa kawaida Vocaloid hutengenezwa na mwimbaji aliye hai. Anapewa maandishi yasiyo na maana, yaliyopangwa ili kila konsonanti ikutane na kila irabu na kila irabu iingie kwenye inayofuata, na anayarudia kwa vimo tofauti vya sauti. Kompyuta hukata vipande vya mikutano hiyo na kuviunganisha upya.

Marehemu hana namna ya kusoma maandishi. Unabaki na nyimbo alizoacha, na unahitaji mkanda wa sauti tupu, si wimbo uliochanganywa, la sivyo kila kipande kitabeba gitaa ndani yake. Hata ukiupata mkanda, vipande vingine havipo: hakuwahi kuimba sauti fulani kwa kimo fulani. Hapo fundi huchukua kipande cha karibu na kukipandisha au kukishusha. Ukizidisha, sauti inakuwa nyembamba kama ya mtoto, au nzito na ya bati. Na hide aliimba kwa kukwaruza na kupumua kwa nguvu. Mikwaruzo haiungani vizuri, kwa hiyo mafundi huchagua vipande safi. Matokeo ni hide aliyesafishwa.

Hurry Go Round ni yeye, hata kama hakuridhika. Kwenye Ko Gyaru, uamuzi wa wapi apumue na wapi avute irabu ni wa fundi. Uimbaji ni maamuzi hayohayo.

Dada wa Kanuni

Niongeze upande wa sheria. Japani, tangu marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2002, mwigizaji au mwanamuziki ana haki ya heshima juu ya onyesho lake: jina lake litajwe na onyesho lisipotoshwe. Kifungu 101-3 kinaiendeleza hata baada ya kifo, na kifungu 116 kinataja wanaoweza kudai: mwenza, watoto, wazazi, wajukuu, mababu, kisha ndugu wa kuzaliwa, isipokuwa wosia umesema vingine.

Lakini someni vizuri: inalindwa *onyesho*. Gitaa la I.V. na picha ya 2008 vimo ndani. Sauti ya kuundwa si onyesho lake, na sauti kama sauti haina hakimiliki. Kwa hiyo daraja la tatu, lile linalomgusa zaidi, ndilo lenye ulinzi mdogo zaidi. Haki ya mtu maarufu kudhibiti matumizi ya jina na sura yake ilitambuliwa na Mahakama ya Juu kabisa ya Japani mwaka 2012, ila sheria haisemi wazi kama inaendelea baada ya kifo.

Nyuzi Sita

Dada, asante, hilo linaimarisha mpaka wangu. Fundi Mitambo, nakubali kuwa kukata na kubandika ni kutengeneza upya, na nimelegeza msimamo kuhusu 2008.

Kibao, swali moja kwako. Heath, mpiga besi wa X Japan, alifariki Oktoba 2023, na Taiji, aliyepiga besi kabla yake, alifariki 2011. Bendi ikitoa albamu, besi ya Heath iliyokwisha kurekodiwa itumike, hilo sina ubishi nalo. Zikibaki nyimbo ambazo hakuzipigia, wamwite mpiga besi aliye hai au waunde vipande kutoka mikanda yake?

Kibao cha 1988

Wamwite aliye hai, na jina lake liandikwe kwenye jalada. Kwa Ko Gyaru sijabadilika.