Mbona ushauri wa korona ulikuwa unageuka kila kukicha?

MamaTabby_Umoja: Hamjambo wanajukwaa. Baba mkwe amegoma kusikiliza ushauri wowote wa Wizara ya Afya. Anasema Machi 2020 tuliambiwa barakoa ni za wagonjwa na wauguzi, Aprili tukatishiwa faini ya elfu ishirini tusipovaa. Nimjibu vipi?

Sista_Kayole: Pole mama, wazee wa namna hiyo nawahudumia kila siku. Mwanzoni barakoa za hospitali zilikuwa haba dunia nzima, na ilidhaniwa anayeambukiza ni yule anayekohoa. Kisha ikagundulika mtu huambukiza hata kabla hajajihisi mgonjwa. Mwambie pia Kenya ilitangulia hapo: Shirika la Afya Duniani lilikuja kushauri umma uvae, mahali penye maambukizi mengi na ambapo kukaa mbali ni vigumu, Juni 5.

Kilichonikera mimi ni ile dawa ya kupuliza. Maabara zilikuta kirusi kinadumu hadi saa 72 kwenye plastiki, basi masoko na barabara zikapigwa klorini usiku. Lakini kudumu maabarani si kuambukiza mtu. Nakumbuka matatu za Jogoo Road wakati wa mvua: makanga anakutilia sanitaiza mpaka inachuruzika kwenye kiwiko, abiria wanane wametengana vizuri, na madirisha yote yamefungwa! Hewa ndiyo ilikuwa hatari, na wakubwa walichelewa mno kulisema hilo waziwazi.

Wodini napo, tulianza tukiambiwa tusikimbilie steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe mwilini. Juni hiyohiyo jaribio la RECOVERY la Uingereza likaonyesha deksamethasoni, steroidi ya bei rahisi tuliyokuwa nayo siku zote, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Asiyehitaji oksijeni haikumfaa kitu. Kung'ang'ania ushauri wa Machi kungeua watu.

Fundi_wa_Kariobangi: Sista, kubali basi: na kafyu? Kirusi kilikuwa na saa mkononi?

Sista_Kayole: 😂 Hapo sikubishii, kaka. Saa ya kufunga ilipangwa na serikali, haikutoka maabara. Sayansi ilisema punguzeni mikusanyiko, basi. Kosa lao ni kutangaza yote mawili kwa sauti ileile, kila jioni, kana kwamba yana uhakika sawa.

MamaTabby_Umoja: Asante sista. Hiyo ya deksamethasoni namsomea leo, maana ndiyo alidungwa 2021 akiwa kwenye oksijeni.