IST inavuma nyuma: habu mpya, mtumba, au grisi tu?

Kipepeo_Tegeta: Wakuu, msaada. Toyota IST yangu ya 2004 ikifika 60 inavuma nyuma kama ndege inayotafuta kupaa. Nikikata kona ya kulia sauti inapanda. Fundi wa kwanza kasema afungue beringi apake grisi. Wa pili, habu (kile kitovu tairi linapofungwa) ya mtumba. Wa tatu anataka mpya ya boksi. Mfuko wangu ni wa mwalimu.

Spana17: Huyo wa kwanza mkimbie. Beringi ya nyuma ya IST imezibwa kiwandani na grisi yake ndani, imeshikana na habu. Utapaka wapi? Mambo ya grisi waachie wenye Hiace za zamani kwa mbele, zile beringi za koni unafungua, unaosha, unarudishia. Kona ya kulia ikipandisha sauti, mgonjwa ni kushoto. Uzito unahamia huko.

Mtoto wa Gereji: Usinunue kitu bado! Hamisha tairi za nyuma zije mbele kwanza. Mimi nilifunga habu mbili, kelele ikabaki palepale. Kumbe tairi zilikuwa zimelika meno meno kama msumeno.

Spana17: Kweli. Au piga jeki, weka stendi, achia handibreki. Mkono mmoja shika springi, mwingine zungusha tairi. Beringi iliyokufa utaihisi kwenye springi inakwaruza, kama mchanga kwenye kinu.

Dada_Forester: Shukuru una IST, habu inashikwa na boliti nne tu. Subaru Forester yangu SG5 beringi inaingia kwa presi, mashine ya kukandamiza. Fundi akaigonga kwa nyundo na soketi, miezi miwili ikaanza kulia tena. Mwenye presi alinionyesha: ukiiingiza kwenye nako, kile chuma kinachobeba beringi, unasukuma ringi ya nje, ukisukuma ya ndani gololi zinatia alama kwenye njia yake. Na nati ya ekseli ikazwe kabla tairi halijabeba gari.

Kipepeo_Tegeta: Asante dada. Sasa mpya au mtumba?

Kobe Mzee: Mtumba. Yangu ina mwaka wa tatu, kimya.

Spana17: Mzee wangu, ulibahatika. Hujui ilitembea kilomita ngapi wala iliangushwa mara ngapi. Ukilazimika, izungushe mkononi na ukague waya wa sensa ya ABS, ile ya kuzuia tairi kujifunga ukipiga breki. Mimi ningenunua mpya, ya kampuni kama Koyo, NSK au NTN, kwa muuzaji unayemrudia, maana boksi linachapishwa popote. Upande unaolia tu. Na dramu ya breki ikigoma kutoka msiitwange: ina matundu mawili yenye nyuzi, ingiza boliti za milimita 8, kaza zamu kwa zamu, inajisukuma yenyewe.

Kipepeo_Tegeta: Mrejesho. Ni kushoto kweli, springi ilikwaruza hadi nikatoa mkono. Nimefunga mpya, dramu imetoka kwa boliti mbili, fundi akabaki ananiangalia. Taa ya ABS haijawaka. Ila sasa gari limetulia nasikia buti linagonga.

Mtoto wa Gereji: Hahaa, fungua uzi mwingine.