Naomba ushauri: kitalu cha miche ya michungwa Pongwe, Tanga

MjukuuWaPongwe
Wakuu, habari za leo. Nimeingia kwenye kitalu cha miche ya michungwa huku Pongwe. Eneo lipo, kisima kipo, kivuli cha makuti nimeshaezeka, viriba vimejaa udongo. Mbegu nilisia mwanzoni mwa vuli na nyingi zimeota, ila sasa miche inalala chini ndani ya usiku mmoja, shina limelainika usawa wa udongo. Nipige dawa gani? Nina haraka, masika hayako mbali, na usingizi sipati.

BintiMkuzi
Hicho ni kinyausi, kaka, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche mchanga. Kabla ya dawa punguza maji: mwagilia asubuhi tu, jioni acha. Ng'oa iliyoanguka uitupe mbali, punguza makuti upepo upite, na palipobanana punguzia. Udongo umechanganyaje? Sisi tunatumia ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyoiva, moja ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza miche.

MzeeWaMitiki
Achana na michungwa kijana, otesha mitiki. Mimi nilianza kwa kuangalia wenzangu wa karibu na shamba la Longuza, Muheza. Mbegu yake ina ganda gumu: unailoweka usiku, mchana unaianika juani, unarudia hivyo siku kadhaa ndipo unaisia. Nayo haioti kwa pamoja, itakutoa roho. Lakini ukiuza miche ya mitiki hakuna anayerudi kukulalamikia kwamba tunda ni chachu.

ShemejiChumbageni
Pongwe si ndiko kwenye mawe ya chokaa? Usichimbe udongo wa hapo hapo. Mchungwa kwenye chokaa majani yanageuka njano, mishipa inabaki kijani. Na hicho kisima maji yake umeyaonja? Chumvi ikizidi, ncha za majani zinaungua.

MjukuuWaPongwe
Maji matamu. Udongo nimeleta kutoka Muheza. Samadi niliambiwa imeiva. Naomba tu jina la dawa.

BintiMkuzi
Dawa ya ukungu yenye shaba ipo kwenye duka lolote la pembejeo, lakini haifufui mche ulioanguka. Sasa nijibu na mimi. Ulisia mbegu za nini, na haraka ya masika ni ya nini? Mlimau unausia, unauhamishia kwenye kiriba, unasubiri shina linenepe kama penseli ndipo unabebesha, yaani unapachika jicho (chipukizi) la chungwa kwenye shina hilo la mlimau. Hapo peke yake mwaka unaweza kukatika, halafu mche ukae miezi mingine kabla ya kwenda shambani.

MjukuuWaPongwe
Mbegu za chungwa lenyewe, nilikusanya kwa wauza juisi Ngamiani. Kuhusu haraka, kuna kikundi cha kina mama wa VICOBA wameshanilipa nusu. Miche wanaitaka masika haya. Hela nimeshanunulia viriba, makuti na pampu. Kabla hamjanishambulia, wao walisema "michungwa", hawakusema ya kubebesha. Na mchungwa wa mbegu unazaa, babu zetu walikula.

MamaWawili
Babu zetu walingoja miaka saba na zaidi, mwanangu. Wa kubebesha unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Hao kina mama wamejinyima sabuni na sukari kuweka hisa. Hela ya kikundi inaogopwa kama amana ya yatima. Waite waambie leo.

Kigogo_wa_Korogwe
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Juzi kwenye uzi wa umwagiliaji huyu huyu kaandika miche yake "inafika gotini". Mbegu ya chungwa iliyosiwa vuli ifike gotini kabla ya masika, wapi? Nahisi ni muuza pampu anatafuta wateja.

ShemejiChumbageni
Kweli, nimeenda kuusoma ule uzi. Gotini kabisa. Jibu, mkuu.

MjukuuWaPongwe
Si chai, na pampu siuzi. Iliyofika gotini nimeinunua kwa jamaa anayepita na baiskeli akitokea Muheza, nikaichanganya na yangu ili hesabu itimie. Yeye alisema ni ya kubebesha. Kina mama walikuja wakaiona hiyo, ndipo wakalipa. Sikuwadanganya, waliona kwa macho yao.

Kigogo_wa_Korogwe
Basi naondoa neno chai. Hii ni kesi.

BintiMkuzi
Hebu tuokoe kinachookoka. Angalia ile ya baiskeli: iliyobebeshwa ina kovu kwenye shina, kama shubiri moja juu ya udongo, na hapo pamepinda kidogo. Isiyo na kovu ni ya mbegu, na mara nyingi ina miiba mirefu. Itenge safu mbalimbali leo hii, usimpe mtu kabla hujajua ni ipi. Kisha kina mama wachague wenyewe: wapokee miche michache yenye kovu sasa, au wasubiri uoteshe milimau ubebeshe aina za chungwa za Msasa na Valencia. Wakitaka hela yao, uza pampu.

MjukuuWaPongwe
Pampu siuzi, dada, kitalu kitakufa. Ila nimekagua safu ya kwanza kwa tochi, kovu ni chache. Nitaongea na mwenyekiti wao. Vikonyo vizuri vya kukatia macho nitapata wapi?

BintiMkuzi
Anzia TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo hapo hapo Muheza, uwaulize. Na waulize TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kuhusu kusajili kitalu, maana unauza kwa watu. Usikate kikonyo kwenye mti wenye majani ya mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili na matunda yaliyopinda. Huo ni ugonjwa wa kijani wa michungwa, unasafiri ndani ya jicho, ukiubebesha umeupeleka kwenye kila shamba la hao kina mama. Na huyo wa baiskeli, mwambie akuonyeshe mti alikokata.