Katapila ya marehemu mjomba (D4) imelala shambani tangu 2006. Nianzie wapi?

MwanaKafubu:
Jambo wandugu. Niko Lubumbashi, shamba letu liko barabara ya Kasenga. Mjomba alituachia hekta 12 ambazo sasa ni pori tupu: vichaka, miti ya unene wa paja, na vichuguu virefu kuliko nyumba. Katikati imesimama katapila yake, Caterpillar D4, namba kwenye kibao inaanza na 7U. Juu ya bomba la moshi alifunika kopo la maziwa ya unga. Kopo bado lipo, limeota kutu mpaka limeshikana na bomba.

Jana nilipanda kwenye kiti. Vile viwiko viwili vya kukatia kona, cha kulia kinavutika, cha kushoto ni kama kimechomelewa. Mota kubwa haizunguki. Nilipolegeza kizibo cha chini ya sanduku la gia yalitoka maji ya kahawia kwanza, nusu kikombe hivi, ndipo mafuta yakafuata.

Wanunuzi wa vyuma wamekuja mara mbili. Mama amesema uamuzi ni wangu. Mimi natamani iwake na isafishe shamba kabla ya mvua za Novemba. Wazee wa garaji, nisaidieni.

Fundi_Katuba:
Mwandugu, pole kwa mjomba, na usiiuze kwanza. 7U zilitengenezwa kati ya 1947 na 1959, zile pana, inchi 60 toka katikati ya mnyororo mmoja hadi katikati ya mwingine. Ni mashini ngumu. Maji yakitangulia kutoka ni habari njema, maana yake yalikaa chini na mafuta yakakaa juu yake. Mwaga yote, weka mapya, na ufanye hivyo hivyo kwenye gia za mwisho, zile zinazozungusha minyororo, kulia na kushoto.

Kabla hujanunua hata kichujio, lala chini uangalie miguu: meno ya gurudumu la nyuma, rola, pini na bushi. Meno yakiwa yamechongoka kama ya papa, hapo ndipo pesa zitakapoishia. Mota tunaweza kuifufua. Minyororo mipya itakutoa jasho.

Mota iliyonasa: toa nozeli, mimina kila silinda mazuti (dizeli) yaliyochanganywa na mafuta mepesi, uiache wiki nzima. Kisha isukume kwa nondo kwenye gurudumu la mota, sentimita mbili mbele, mbili nyuma. Mtu asije na lori kuivuta ikiwa kwenye gia! Vali moja ikiwa imenasa, fito zake zitapinda.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Fungua kifuniko cha pampu ya mazuti uone kama ule mwamba wenye meno, ufito unaopimia mota mazuti, unateleza wenyewe kwa kidole. Mashini ikilala muda mrefu huwa unaganda. Ukiganda ukiwa wazi, mota itawaka na kupanda mbio bila kukusikiliza, hata ukirudisha mkono wa mafuta. Siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame na kipande cha ubao tayari kuziba mdomo wa hewa. Nimeona mota ikipasuka kwa kukosa ubao huo.

MwanaKafubu:
Aksanti sana fundi. Na ile mota ndogo pembeni?

Fundi_Katuba:
Hiyo ndiyo stata yako. Silinda mbili, inakunywa esansi (petroli). Unaiwasha, inapata joto, unaingiza pinio (gia ndogo inayoishika mota kubwa), halafu inazungusha ile kubwa vali zake zikiwa zimeshikiliwa wazi ili izunguke kirahisi, mpaka mafuta ya mota yapande kwenye geji. Moshi wake unapita karibu na njia ya hewa ya mota kubwa kuipasha, na maji ya kupoza ni yale yale. Ukimaliza funga bomba la esansi, kila siku. Kabireta ikivuja, esansi inashuka kwenye mafuta ya mota ndogo.

Kiwiko cha kushoto: amburayaji (klachi) ya upande huo imeshikwa na kutu. Kwenye D4 hizo ni kavu, hazitakiwi mafuta ndani. Fungua vizibo vya chini, osha kwa mafuta ya taa, acha ikauke, tutaendelea kuivuta taratibu.

MamaMasuku:
Mwanangu, mimi ni wa kilimo. Novemba hii usiikimbilie. Udongo wetu wakati wa kiangazi ni tofali: ukisukuma, mti unakatikia shingoni, mizizi inabaki na kuchipua upya. Sukuma mvua zikiwa zimekwisha na ardhi bado laini, Aprili au Mei. Kisu cha mbele kiwe kidogo juu ya ardhi, usikwangue ule udongo mweusi. Na tafadhali, acha miti ya misuku na mitondo. Matunda ya masuku na vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, vimesomesha watoto wengi hapa. Kichuguu nacho usikipige, panda mboga juu yake, udongo wake una rutuba.

Dereva_Zamani:
Nimeendesha hizo miaka mingi. Ukishuka mteremko na mashini inasukumwa na uzito wake, ukivuta kiwiko cha kulia bila breki itageuka KUSHOTO. Ule mnyororo umeachiliwa, kwa hiyo unakimbia kuliko mwenzake. Jifunze hili mahali tambarare kwanza. Pia chomelea kizimba cha chuma juu ya kiti, matawi makavu huanguka nyuma ya kichwa. Kila jioni safisha bamba la chini ya mota. Majani makavu yaliyolowa mazuti yanashika moto upesi.

MwanaKafubu:
Wandugu, nimerudi baada ya siku kumi. Meno ya nyuma yamelika upande mmoja tu, fundi amesema gurudumu litageuzwa, la kulia liende kushoto. Ule mwamba wa pampu ulikuwa umeganda kweli, karibu na wazi kabisa. Na leo asubuhi, kwa nondo, mota imesogea. Upana wa kidole hivi. Mama alikuwa amesimama pale akashika mdomo. Mwezi wa nne nitaleta picha. Kopo la mjomba nimelirudisha juu ya bomba, mvua isiingie.