Mjadala: Picha ya Jenerali Picton ibaki makumbusho au ifungiwe stoo?

Wanajamvi, hili naomba tulijadili kwa hoja.

Makumbusho ya Taifa ya Wales, mjini Cardiff, yana picha ya rangi za mafuta ya Luteni Jenerali Thomas Picton, kazi ya Martin Archer Shee. Koti jekundu, nakshi za dhahabu, nishani kifuani. Picton ndiye ofisa wa Uingereza wa cheo cha juu kuliko wote waliouawa katika vita vya Waterloo mwaka 1815, na kwa miaka mingi makumbusho yalimtundika kama shujaa.

Lakini kabla ya hapo alikuwa gavana wa Trinidad, kisiwa cha Karibi ambacho Waingereza walikuwa wamekitwaa kutoka kwa Wahispania. Mwaka 1801 aliidhinisha kuteswa kwa Luisa Calderón, binti wa miaka 14 hivi aliyetuhumiwa kushiriki wizi. Walimning'iniza kwa kamba iliyofungwa mkono mmoja, uzito wote ukiishia kwenye mguu mtupu uliokanyaga kigingi kilichochongoka. Binti wa watu!

Novemba 2021 picha ikashushwa. Agosti 2022 ikarudishwa, safari hii ndani ya fremu ya mbao mithili ya kreti la mizigo, pamoja na kazi mpya za Gesiye na kundi la Laku Neg, wasanii wenye asili ya Trinidad.

Mimi naunga mkono uamuzi huo. Ofisa alikuwa akichorwa ili aonekane vile alivyotaka akumbukwe, na kwenye rangi ile Luisa hayumo. Ikitundikwa peke yake, inadanganya.

Wapo wanaosema tusiwapime watu wa kale kwa mizani ya leo. Jamani, mizani ya leo iko wapi hapa? Mwaka 1806, London, Luisa mwenyewe alitoa ushahidi na baraza la mahakama likamtia Picton hatiani. Kesi iliporudiwa mwaka 1808 aliponea kwenye hoja kwamba sheria ya Kihispania iliyotumika kisiwani iliruhusu mateso. Adhabu hakupata. Waliomshitaki walikuwa watu wa zama zake.

Wanaotaka ifungiwe stoo moja kwa moja nawaelewa, hasa wenye asili ya Trinidad. Ila mnara wake bado umesimama Carmarthen, hukohuko Wales, na kaburi lake liko katika Kanisa Kuu la St Paul's, London. Heshima anazo tele hata bila picha hii. Sasa nyie mnaotaka ifichwe, mgeni anayeingia Cardiff atasimuliwa habari za Luisa mbele ya kitu gani?